Mwizi wa Mafuta ni Mguu Wako wa Kulia

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nchi hii huingia kwenye msiba wa hiari. EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, na kabla tangazo halijasomwa hadi mwisho magrupu ya WhatsApp yameshawaka moto. Zikiongezeka shilingi thelathini, tumeuawa. Zikipungua arobaini, zimepungua kwa nani? Kijiweni kila mtu ni mchumi: huyu anaitaja Ukraine, yule Mlango wa Hormuz, wa tatu anakumbusha ile shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa kwenye bajeti ya 2023. Kisha wachumi wote hao wanaingia kwenye magari yao, taa ya Mwenge inawaka kijani, wanakanyaga mafuta mpaka sakafuni, na mita mia mbili mbele wanabana breki nyuma ya daladala linaloshusha abiria.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Tozo nazilalamikia na nitaendelea kuzilalamikia. Lakini bei ya kwenye ubao wa sheli haipo mikononi mwako, na kelele zako hazijawahi kuishusha hata senti. Kilichopo chini ya mamlaka yako ni mguu wako wa kulia, na huo umeuachia ufanye unavyotaka. Wizara ya Nishati ya Marekani, nchi ambayo haijapata kusifiwa kwa ubahili wa mafuta, inasema wazi kwamba uendeshaji wa papara, yaani kukurupuka, kukimbia na kubana breki, unakula asilimia 15 hadi 30 ya kilomita ambazo ungezipata kwa lita kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni. Tuchukue 20, tusigombane. Kwa lita ya shilingi 3,000, hizo ni shilingi 600 unazozimwaga mwenyewe kwa kila lita. Ingekuwa EWURA ndiyo iliyopandisha shilingi 600 kwa usiku mmoja, Bunge lisingelala. Mguu wako unapandisha kila siku na hujawahi kuulalamikia.

Tufanye hesabu ambayo shule zetu za udereva hazina habari nayo. Gari dogo kama IST, likiwa na dereva wake, lina uzito wa kilo 1,100 hivi. Kulitoa kwenye kusimama hadi mwendo wa kilomita 60 kwa saa kunahitaji nishati ya kilojuli 150 na ushei. Injini ya petroli, kwa matumizi ya kila siku, hugeuza kama robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta kuwa mwendo. Inayobaki inapotelea kwenye rejeta na ekzosi. Maana yake ni kwamba ili ufike huo mwendo wa 60 umeunguza karibu mililita 20 za petroli, zaidi ya kijiko kikubwa cha mezani. Ni shilingi 60 hivi. Ukikanyaga breki ukasimama, shilingi 60 zako zimegeuka joto kwenye pedi na diski. Hazirudi. Ukitoka kwenye 80 hadi sifuri, umeteketeza kama shilingi 100 kwa mkanyago mmoja.

Breki, basi, ndiyo stakabadhi ya mafuta uliyoyaunguza bure. Usalama ukidai ukanyage, kanyaga kwa nguvu zako zote na usiwaze shilingi. Ninaowasema mimi ni wale wanaokanyaga kwa sababu dakika moja kabla walikuwa wanakimbilia mahali palipoziba, na walipaona kwa macho yao kuwa pameziba.

Jihesabie asubuhi moja tu kutoka Mbezi Mwisho mpaka Posta. Kila pengo la mita thelathini linalofunguka mbele yako unalivamia kana kwamba mwisho wake kuna zawadi. Unafika, unabana. Linafunguka tena, unavamia, unabana. Mwenzako wa pembeni ameacha nafasi mbele yake, anatambaa bila kusimama, mguu wake haugusi breki kwa dakika nzima, na Magomeni mnafika pamoja. Mmepita barabara moja kwa muda mmoja, ila wewe umelipa nauli mbili.

Najua jibu lako: "Ukiacha nafasi, bajaji zinachomeka." Zichomeke! Bajaji moja mbele yako inakuchelewesha sekunde mbili. Inaingia, inatoka upande wa pili, inakwenda zake, maana bajaji haijawahi kukaa kwenye mstari mmoja tangu iumbwe. Hasira ya kuzuia bajaji isiingie ndiyo inayokugharimu, na tena inakugharimu kila siku ya Mungu.

Halafu kuna hili la ubabe. Kwetu dereva anayewahi kuachia mafuta anaonekana mshamba. Atapigiwa honi, atawashiwa taa, na abiria wake wa kiti cha mbele atamkejeli: "Kaka, unaendesha kama umebeba mayai." Tumelea kizazi kizima cha madereva kinachoamini kwamba gari linaloguna ndilo linalokwenda. Mwanamume mwenye ada za watoto zisizolipwa anaona aibu kupitwa na Passo! Ikimpita, anaifukuza hadi Tegeta, anaipita, moyo unatulia. Fedha ya ule moyo kutulia imetoka kwenye ada.

Twende barabara kuu, kwenye ufujaji wenye kasi zaidi. Upinzani wa hewa hauongezeki sambamba na mwendo. Unaongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka 80 kwenda 100, nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Ukifika 120 imeshakuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya 80. Hii haina Toyota wala Subaru, haina gari jipya wala la mkopo, na keria tupu uliyoifunga juu ya Noah ukaisahau tangu harusi ya shemeji inaizidisha. Na hiyo kasi inakununulia nini? Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Kwa 80 bila kusimama ni saa mbili na dakika ishirini na kitu, kwa 100 ni saa mbili kasoro dakika chache. Lakini nani anakwenda bila kusimama kwenye barabara ile? Kuna malori, kuna vijiji vya mwendo wa 50, kuna tochi. Dereva wetu anakwenda 120 hadi alama ya 50, anabana breki, anajikokota mbele ya trafiki kwa adabu kubwa, alama ya kumaliza 50 ikionekana tu anakanyaga tena. Breki hiyo moja kutoka 120 imemwaga mafuta mara nne ya ile ya kutoka 60. Chalinze nimewakuta wengi wa namna hii wameegeshwa pembeni, wanasubiri karatasi ya faini ya shilingi 30,000.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya dereva. Matuta yaliyomwagwa hovyo kwenye barabara zetu kuu ni kodi ya mafuta isiyopitishwa na Bunge lolote. Lori lililojaa hadi tani 56, kikomo cha uzito cha Afrika Mashariki, likisimama kutoka mwendo wa 60 linapoteza nishati inayotosha zaidi ya nusu lita ya dizeli. Nusu lita, tuta moja! Zidisha kwa matuta ya kutoka bandarini hadi Tunduma, uone kwa nini saruji na unga vina bei hiyo. Penye shule na soko tuta liwepo, na mtoto avuke salama. Lakini yapo matuta yanayolinda kichaka, na hayo yana wahandisi waliolipwa kuyachora. Ongeza na trafiki anayesimama chini ya taa nzima, taa zinafanya kazi vizuri tu, yeye anazikanusha kwa mkono, upande mmoja unapita robo saa na upande wa pili unaunguza mafuta papo hapo. Injini ya gari dogo ikiwa sailensa inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, AC ikiwa imewashwa ndiyo inaelekea kwenye lita. Magari mia mbili kwenye mstari mmoja, robo saa. Piga hesabu.

Sasa nimfikie mtu ambaye ubahili wake ni mbaya kuliko ufujaji wa wengine. Ni yule anayeamini kwamba kubana mafuta ni kuweka gia huru kwenye mteremko, ile wanayoiita frii. Huyu simchekei. Anaua.

Kwanza hajui gari lake. Karibu kila gari la kisasa la EFI, ukiachia mafuta likiwa ndani ya gia na injini inazunguka vya kutosha, kompyuta yake inazifunga nozeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mafuta yanayotumika ni sifuri. Ukiweka gia huru injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo inalazimika kunywa ili isizime. Yaani kwenye mteremko mrefu anayedhani anabana anatumia, na aliyeacha gari kwenye gia, mguu ukiwa umepumzika, hatumii kitu. Kweli, kwenye barabara tambarare gia huru inaweza kukusogeza mbele zaidi kabla gari halijapoteza mwendo, na wapo mabingwa wa Ulaya na Marekani wanaoicheza hesabu hiyo kwenye barabara tupu. Wewe huko hupo. Wewe upo Kitonga.

Pale Kitonga, mkoani Iringa, barabara inashuka kwa kona kali na upande mmoja kuna korongo. Lori likiwa kwenye gia ya chini, injini inalishikilia. Likiwa frii, uzito wote unaziangukia breki peke yake, breki zinachemka, na breki iliyochemka haishiki. Jirani zetu Wakenya wanalijua jina la Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako kwa miaka mingi malori yaliteremka gia ikiwa huru na watu wakafa, mpaka barabara ikagawanywa katikati. Nako, kama huku, siri yake inajulikana: dizeli inayookolewa kwenye mteremko inanyonywa na kuuzwa kwa vidumu kando ya barabara. Tajiri anampa dereva lita za kuhesabu na posho ya kuchekesha, dereva anatafuta ziada pale anapoweza kuipata, na anaipata kwenye maisha ya abiria wa Coaster inayopanda upande wa pili. Tajiri asituambie hakujua. Anayepanga malipo ya namna hiyo amepanga pia ajali.

Kwenye daladala mambo ni kinyume kidogo na yanashangaza zaidi. Dereva wa daladala la Dar es Salaam kwa kawaida anatia mafuta kwa fedha ya mfukoni mwake, kisha jioni anampelekea bosi hesabu. Kila mkanyago wa papara anaulipa yeye. Huyu angepaswa kuwa profesa wa kubana mafuta! Lakini anagombea abiria kituoni, anamkata mwenzake, anasimama katikati ya barabara. Kosa si lake lote. Tripu ya ziada saa za jioni inaweza kumlipa kuliko mafuta anayoyapoteza, na hesabu ya bosi haijui foleni. Ila saa nane mchana, gari lina abiria sita na kituo kinachofuata hakina mtu, anafukuza nini?

Tatizo kubwa kuliko yote ni kwamba hatupimi. Mtanzania haongezi lita, anaongeza noti. "Weka ya elfu kumi." Wiki ijayo, "weka ya elfu ishirini." Taa ya mafuta inawaka, anaongeza ya elfu tano ili imfikishe nyumbani. Muulize gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita, atakutajia namba aliyoambiwa na dalali. Namba ile ya dalali inatoka Japani, na mara nyingi ni ya kipimo cha zamani cha 10-15, kilichofanywa gari likiwa juu ya mashine ya maabara, kwa mwendo wa wastani usiofika kilomita 25 kwa saa na usiovuka 70. Haikuwa na foleni ya Buguruni wala mlima wa Kimara. Anayetaka ukweli ajaze tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, arudishe kipimo cha safari kwenye sifuri, aendeshe siku zake za kawaida, arudi sheli ile ile na kujaza tena mpaka ijikate. Kilomita alizotembea agawanye kwa lita zilizoingia mara ya pili. Kilomita 320 kwa lita 32 ni kumi kwa lita, na hakuna dalali atakayebisha. Hili linahitaji fedha ya tanki zima kwa mkupuo, na najua wengi hawana. Basi waandike lita na kilomita kila wanapoongeza kwa mwezi mzima, wastani utajileta wenyewe.

Kwa kuwa hatupimi, tunadanganywa. Gari likinywa sana tunampelekea fundi, naye anabadilisha plagi, koili, anaosha nozeli, anakurudishia gari lile lile na mguu ule ule. Sisemi gari halina makosa. Sensa ya oksijeni ikifa inaweza kuharibu matumizi vibaya sana, na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi usiibandike plasta, kapime. Upepo wa tairi angalia walau kila mwezi. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kichwani mwa kijana wa gereji. Lakini sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tankini, vifaa vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapima vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100, na vichache mno vilivyoleta nafuu viliileta kiduchu. Fedha ya kifaa hicho ingekununulia kipimo cha upepo na chenji ukarudi nayo.

Na O/D! Ugomvi wa kitufe hiki umevunja urafiki. Jamani, kwenye Toyota hizi za gia nne, taa ya njano ya O/D OFF ikiwaka maana yake umeifungia gia ya nne, ile ya juu, ambayo iliwekwa ili injini ipumzike mwendo ukitulia. Wapo wanaokwenda Dodoma taa hiyo inawaka njia nzima, injini inalia, nao wanaapa kwamba wanabana mafuta kwa sababu jirani aliwaambia. Ikiwa unashuka mlima au unavuta mzigo, ifunge. Vinginevyo izime hiyo taa.

Nchi hii iliwahi kulichukulia jambo hili kwa uzito. Miaka ile ya shida ya mafuta, bei ya dunia ilipopanda na vita vya Kagera vilipokausha hazina, magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Sitaki amri ile irudi. Ilikuwa chungu na ilikuwa na upendeleo wake. Nataka tu mkumbuke kwamba mafuta yale yale, yanayoletwa kwa meli kutoka nje na kulipiwa kwa dola, yalikuwa jambo la taifa. Leo taifa limeamua kwamba ni jambo la mwananchi peke yake, na ushahidi wake umeegeshwa nje ya kila ukumbi wa semina.

Nendeni mkatazame. Mkutano unaanza saa tatu. Nje yamejipanga mashangingi yenye namba za STK na STL, injini zinaunguruma, AC zimewashwa, madereva wamelaza viti wamelala. Saa saba mchana bado yanaunguruma. Land Cruiser V8 ya dizeli ikisimama hivyo inakunywa lita moja na zaidi kwa saa. Magari kumi kwa saa nne ni lita 40 kwenda juu, zaidi ya shilingi 120,000, na hakuna gurudumu lililozunguka. Ndani ya ukumbi huo mada inaweza kuwa mabadiliko ya tabianchi au kubana matumizi ya Serikali. Dereva simlaumu sana. Jua la Dodoma ni kali na bosi akitoka akakuta kiti cha moto atafoka. Bosi ndiye ninayesema naye. Mheshimiwa, kuna miti. Kuna vivuli. Unaweza kuingia kwenye gari la moto, ukashusha vioo, ukatoka jasho dakika mbili, kama sisi wenye magari yetu tunavyofanya.

Waraka wa kuzima injini hauhitaji mfadhili, wala mshauri mwelekezi, wala safari ya mafunzo. Ni ukurasa mmoja na saini. Katibu Mkuu, uandike wiki hii, na kabla hujauandika mpigie dereva wako umwambie azime gari.